Aliyechagua Rangi za Kompyuta Yako Hakai Mbele Yake

Tangu Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi kompyuta wa Ngamiani hapa Tanga wamepata msimu. Mashine inayokubali Windows 11 inapigwa Windows 11. Ile ya zamani isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mfumo mpya unaidai, ama inaachwa ilivyo kwa bahati na sala, ama mwenyewe anashawishiwa kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure ya familia ya Linux. Kompyuta ikirudi dukani, swali la kwanza la mwenye mali halihusu kasi wala virusi. Anasimama mbele ya kioo, anakunja uso: "Mbona imekuwa hivi?" Anasema rangi.

Fundi naye jibu lake analo mfukoni. "Hiyo rangi tu, utazoea."

Nimelisikia jibu hilo hadi nimeanza kulitilia shaka. Upande wa pili wako wanaoona kila badiliko la rangi ni uonevu. Kwao mfumo waliojifunzia ndio uliokuwa mfumo, na yaliyofuata ni kazi ya kijana wa ubunifu aliyeajiriwa juzi akataka aonekane amefanya jambo. Wote hao wanabishania uzuri, na kwangu mimi uzuri ndiyo sehemu nyepesi ya mjadala huu. Ninachotaka kukiangalia ni rangi inamfanyia kazi gani anayeitazama kutwa, na isipomfaa, nani hasa mwenye uwezo wa kuibadilisha.

Ubishi mkubwa wa aina hii ulizuka kwenye mfumo wenye jina la Kiafrika. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 ikiwa ya kahawia. Kahawia kweli kweli: ukuta wa nyuma kahawia, madirisha ya rangi za udongo, na mtindo wenyewe ukapewa jina Human. Wakati wakubwa wa soko wakivutana kwa bluu, ile kahawia ilikuwa ni tamko. Diski zake zilitumwa bure kwa posta kupitia mpango wa ShipIt, hadi mpango huo ulipofungwa mwaka 2011. Ulikuwa unajaza jina na sanduku lako la posta, unasubiri wiki kadhaa, kisha unaitwa dirishani kuchukua bahasha. Kwa nchi ambayo kupakua faili la megabaiti mia saba kwenye intaneti kafe ilikuwa ni ndoto ya mchana, bahasha ile haikuwa jambo dogo.

Walioipenda kahawia waliipenda hasa. Walioichukia waliiona chafu, rangi ya kitu kilichosahauliwa juani. Aprili 2010 likatoka toleo la 10.04 na kahawia ikang'olewa. Badala yake zikaja zambarau ya bilinganya na rangi ya chungwa, na vile vitufe vya kufunga na kupunguza dirisha vikahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Moto ukawaka. Watumiaji walidai wasikilizwe, na wengine walitaka kura ipigwe. Shuttleworth akajibu bila kupaka mafuta kwamba maamuzi ya muonekano hayapigiwi kura: maoni mazuri na takwimu nzuri vinakaribishwa, ila mradi hauendeshwi kidemokrasia.

Tazama kilichofuata. Zambarau na chungwa zipo hadi leo, na kahawia haikaliwi matanga na mtu, labda wale wanaokumbuka ujana wao. Vitufe navyo vilirudi kulia Oktoba 2017, Ubuntu ilipoiacha Unity, sura yake yenyewe ya madirisha na menyu, na kuchukua GNOME, sura inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Rangi ya ukutani, kwa msemo wetu wa Tanga, ni waja leo waondoka leo: watu hupiga kelele, wakatazama kwa mwezi mmoja, wakaiona ya kawaida. Kitu ambacho mkono au jicho linakitafuta bila kufikiri ndicho kinachouma kikiguswa. Ubishi wa mwaka 2010 uliyachanganya haya mawili kwa kuwa yalikuja siku moja, na tangu hapo kila anayelalamika kuhusu rangi anajibiwa kana kwamba analilia ukuta.

Sasa chukua Windows 95, ambayo vijana wanaicheka leo. Nyuma bluu-kijani, madirisha kijivu tupu. Wabunifu wake hawakuwa na uwanja mpana. Kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa na uhakika wa rangi 16 tu, na humo ndimo walimochota. Lakini angalia walichokifanya na ule mstari wa juu wa dirisha. Dirisha unalolifanyia kazi lilikuwa na mstari wa bluu iliyokoza na maandishi meupe. Mengine yote yaliyofunguliwa yalikuwa na mstari wa kijivu na maandishi ya kijivu nyepesi. Kipo kipimo cha kulinganisha mwanga wa rangi mbili kinachotumika katika viwango vya wavuti. Chini kabisa ni 1 kwa 1 na juu kabisa ni 21 kwa 1, nyeusi juu ya nyeupe. Nimepiga hesabu: nyeupe juu ya bluu ile inatoa 16 kwa 1. Dirisha lililolala linatoa 2 na ushee. Mtu akiwa amesimama mlangoni, miwani kaisahau nyumbani, bado anajua dirisha lipi liko macho.

Windows 10 ilipotoka Julai 2015 mistari yote ilikuwa myeupe, ya dirisha lililo macho na ya lililolala. Tofauti iliachiwa kivuli kidogo na maandishi kufifia. Malalamiko hayakuchelewa, na sasisho la Novemba mwaka huohuo likarudisha uwezo wa kuipaka mistari ile rangi. Liliurudisha kama hiari iliyofichwa kwenye mipangilio, na hali ya kuanzia ikabaki nyeupe. Mabishano ya kitaalamu yakaishia hapo: kipengele kipo, anayetaka akiwashe.

Anayetaka ni nani? Iko steshenari moja ya Ngamiani ambayo mlango wake unaangalia mashariki. Asubuhi jua linaingia hadi kwenye meza ya kompyuta na hakuna pazia, maana pazia likiwepo wateja watadhani pamefungwa. Dada anayechapa pale hufungua kazi tatu nne kwa mpigo: barua ya maombi ya kazi, fomu ya mtu anayesubiri namba ya malipo, risala ya mahafali ya shule ya msingi. Siku niliyokuwa pale alikuwa anamchapia mzee mmoja mkataba wa kuuza shamba, kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Mzee amesimama nyuma ya kiti, fimbo mkononi, anafuatilia herufi kwa herufi.

"Binti yangu, hebu simama kidogo."

"Naam, babu."

"Shamba langu mbona limekwenda mahafali?"

Bei ya shamba, mipaka yake na mnazi ulioko kona ya kaskazini vyote vilikuwa vimeingia katikati ya risala, chini ya shukrani kwa walimu. Dada akacheka, akaomba radhi, akafuta. Mzee hakucheka, mambo ya ardhi hayachekwi.

Ule haukuwa uzembe. Mchapaji mzuri hatazami kioo, anatazama karatasi. Kioo anakitupia jicho la pembeni, na jicho la pembeni halisomi maandishi. Linachokamata ni giza na mwanga, kipande kilichokoza na kilichofifia. Kompyuta ile ilikuwa imetoka kubadilishiwa mfumo, na madirisha yake yote yalikuwa meupe kwa namna moja. Mfumo wa nani si hoja, kwa sababu ugonjwa huu umeingia karibu kila mahali kwa jina la usafi wa macho.

Kioo chenyewe nacho kina mchango wake. Vioo vya bei nafuu tunavyotumia, vingi mitumba, ni vya aina ya TN, ambavyo ukivitazama kwa juu kidogo au kwa chini rangi zinageuka. Mbunifu aliyechagua kijivu nyepesi ikae kando ya nyeupe alikuwa na kioo cha gharama ndani ya chumba chenye mwanga uliopimwa, na tofauti aliiona. Kijivu ya msingi ya Windows 11 kando ya nyeupe inatoa uwiano wa 1.1 kwa 1 hivi. Pale Ngamiani, saa tatu asubuhi, huo uwiano haupo kabisa. Viwango vya wavuti vinataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na tangu mwaka 2018 vinataka 3 kwa 1 hata kwa vitufe na alama ambazo mtumiaji anazitegemea. Vimeandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini jicho la mtu ni lilelile.

Na kwa kipimo hichohicho nimeirudia Ubuntu. Nyeupe juu ya zambarau yake inapita 9 kwa 1, safi kabisa. Nyeupe juu ya chungwa yake inatoa kama 3.6, haifiki panapotakiwa kwa herufi ndogo. Miaka yote ile ya kubishana kama chungwa ni ya kitoto au ya kisasa, swali lenye jibu la namba lilikuwa limelala palepale.

Daladala za Dar es Salaam zina mkanda wa rangi ubavuni unaotaja njia. Unaweza kuichukia rangi ya mkanda fulani mpaka ukaumwa kichwa, na hakuna atakayekulaumu. Ila zipake zote nyeupe kwa kuwa nyeupe ni ya kisasa, uandike njia kwa herufi ndogo karibu na mlango, uone watu wangapi waliokusudia Mwenge watashukia Mbagala. Halafu uwaambie watazoea.

Hilo la kuzoea, sitaki kulidhulumu, lina ukweli wake. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 na ile bluu yake iliyovimba na kitufe cha kijani, watu wazima waliiita ya watoto wa chekechea. Leo hiyohiyo ndiyo inayotajwa kwa mapenzi, na yale majani ya kilima, picha ambayo Charles O'Rear aliipiga California mwaka 1996, yanafahamika na watu ambao hawajawahi kupanda ndege. Lakini waliozoea walizoea kwa hiari. XP iliacha sura ya zamani ndani yake, ile ya kijivu. Uliyeshindwa na bluu ulirudi ulikotoka kwa kubofya mara chache, bila kupakua kitu. Sura ile ikabaki mpaka Windows 7. Ilipoondolewa kwenye Windows 8 mwaka 2012, ilikuwa imewasitiri watu kwa miaka 11. Sijaona hoja ya maana ya kwa nini desturi hiyo iliachwa. Gharama ya kutunza sura ya zamani anaibeba kampuni. Isipotunzwa, inahamia kwa yule dada na mzee wake wa shamba, na huko haiandikwi kwenye hesabu za mtu.

Vijana wao wanataka giza. Apple ilipoleta sura nyeusi kwa kompyuta zake kupitia macOS Mojave mwaka 2018, Windows na Linux nazo tayari zilikuwa kwenye njia hiyo, na sasa fundi wa miaka ishirini na mbili akimaliza kusimika mfumo huweka giza bila hata kuuliza, kwa kuwa ndivyo ya kwake ilivyo. Ukimuuliza atakwambia inaokoa umeme. Kwenye simu yenye kioo cha OLED ni kweli, kwa sababu kila nukta inawaka yenyewe na nyeusi maana yake ni kuzimwa. Kwenye kioo cha LCD cha mezani taa ya nyuma inawaka muda wote, uonyeshe usiku au uonyeshe theluji. Giza linapendeza usiku chumbani, feni inazunguka, Raskazone au Chumbageni. Liweke kwenye duka linaloangalia jua na kioo kinageuka cha kujitazamia: utaona barabara yote ya nyuma yako, bodaboda na mama wa mihogo, kasoro barua unayoichapa.

Jibu la wataalamu kwa yote haya ni kuchagua. Mpe mtu hiari, kelele ziishe. Na kweli wamejitahidi. Mojave ilimuuliza mtumiaji mwanzoni kabisa kama anataka nyeupe au nyeusi. Linux Mint, kuanzia toleo la 20 la mwaka 2020, iliweka uchaguzi wa rangi kwenye dirisha la kumkaribisha mtumiaji, hatua ya kwanza kabisa. GNOME 47 ya Septemba 2024 ikaruhusu kila mtu ajichagulie rangi ya msisitizo, ya vitufe na alama. Ninayaunga mkono haya yote, lakini yanachukulia kwamba anayewasha kompyuta kwa mara ya kwanza ndiye atakayeitumia. Hapa kwetu anayeiwasha kwa mara ya kwanza ni fundi. Yeye ndiye anayejibu lile swali, kibandani kwake, simu sikioni, kompyuta nyingine tatu zikimsubiri. Dirisha la kukaribisha anaondoa ile alama ya vema ili lisirudi kumsumbua mteja. Kompyuta ikifika dukani hiari imeshatumika.

Kisha kompyuta ile ni ya bosi. Dada wa kuchapa anajua kwamba akigusa mipangilio, na printa ikagoma wiki ijayo kwa sababu zake nyingine, ataulizwa yeye. Kwenye maabara ya shule mipangilio imefungwa na mwalimu, ofisini imefungwa na kitengo cha TEHAMA. Wanaobishana kuhusu rangi za kuanzia ni wale wanaozibadilisha ndani ya dakika moja. Rangi zenyewe zinawakalia wasiobishana. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba rangi ya kuanzia ni pendekezo tu, namuelewa, ila najua anazungumzia kompyuta yake mwenyewe.

Ningekuwa na sauti kwa hao wenye mifumo, nisingewaomba warudishe kahawia wala ile bluu-kijani. Ukuta waupake watakavyo kila mwaka, hata rangi ya embe mbivu. Ningewataka wasiguse tofauti ya kilicho macho na kilicholala bila kwanza kuipima kwenye kioo kibovu, mchana, mlangoni. Wasitegemee nyekundu na kijani peke yake kutofautisha jambo, maana kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini takriban 1 kati ya 12 hazitofautishi vizuri, na kwetu nao wapo hata kama ni wachache zaidi. Na sura inayoondoka ibaki ndani ya mfumo, kama XP ilivyofanya.

Ila Redmond, kwenye makao makuu ya Microsoft, ni mbali na Ngamiani ni karibu, na mafundi wetu hawahitaji kusubiri. Linux Mint ina namna ya kusimika iliyotengenezwa kwa ajili ya wauzaji, inaitwa OEM: fundi anaweka kila kitu, anajaribu, halafu anafunga, na mteja akiwasha ndiye anayejaza jina lake na kukutana na dirisha la kumkaribisha. Nilimtajia fundi mmoja jambo hili akatikisa kichwa. Mteja akiwasha akakuta maswali, alisema, atabeba kompyuta yake mpaka hapa kunidai nimalizie kazi. Ana haki. Basi mteja akija kuchukua mashine, fundi afungue kazi tatu mbele yake, azipange zikiingiliana, asogee pembeni na amuulize ataandika kwenye lipi. Akisitasita, kwa Windows 11 njia ni Settings, kisha Personalization, kisha Colors, na kuelekea chini kuna kitufe cha kuweka rangi kwenye mistari ya juu na kingo za madirisha. Akiwashe. Rangi gani, hapo amwachie mwenye kompyuta, na kama huyo mwenye kompyuta haichapi yeye, aitwe yule anayechapa.